Bunia: Wasichana wanapewa cherehani, nani anawapokea?

Tarehe 8 Machi ikikaribia, mafundi wa nguo wa Bunia hawalali mapema. Vikwembe vya Siku ya Wanawake huletwa kwa mafungu: wanawake wa kwaya, wanawake wa sokoni, wanawake wa ofisi fulani, kila kundi na modeli yake, na hakuna anayekubali kuambiwa arudi kesho kutwa. Septemba hali ni hiyo hiyo kwa sare za shule, bluu na nyeupe. Desemba inakuja na Noeli, Bonane na harusi. Katikati ya misimu hiyo kuna misiba, kuna ubatizo, na kuna zipu zinazokatika kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo kazi ya sindano ipo Bunia. Hilo lisemwe mwanzo, kwa sababu mazungumzo kuhusu mafunzo ya kushona katika jimbo la Ituri mara nyingi huanzia mahali pengine kabisa, yaani kwenye huruma. Msichana amekimbia vita, apewe cherehani. Mwanamke amebakwa, apewe cherehani. Kijana ameacha bunduki, naye apewe. Zaidi ya miaka ishirini imepita tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tangu wanajeshi wa Umoja wa Ulaya walipotua Bunia Juni 2003 katika operesheni iliyoitwa Artemis, na muda wote huo cherehani imekuwa jibu la karibu kila swali. Zawadi si mbaya. Kosa ni kudhani kwamba anayepewa cherehani amepewa ufundi.

Chukua mama aliyekimbia kutoka Djugu, anayeishi na watoto wake katika kambi ya Kigonze, pembezoni mwa mji. Binti yake ana miaka 16 na anataka kujifunza kushona. Aanzie wapi? Atauliza kanisani, atamuuliza jirani, atategea sikio redio. Akibahatika atasikia kwamba mradi fulani unaandikisha wasichana wiki hii; asipobahatika atasikia kwamba ulimaliza kuandikisha wiki iliyopita. Hana karatasi mkononi inayomwambia ni fundi gani katika komini za Mbunya, Nyakasanza au Shari anayepokea wanafunzi, anadai kiasi gani, anafundisha nini na kwa muda gani. Anayejua ni yule aliyekwisha kuwa ndani.

Kuna shule, ni kweli. Sekondari za ufundi nchini Kongo zina tawi la kukata na kushona, na anayelimaliza hufanya Mtihani wa Serikali kama wenzake wa matawi mengine. Lakini elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya msingi, haifiki huko. Tena tawi hilo linamtaka mtoto aliyemaliza darasa baada ya darasa bila kukatizwa. Binti wa Djugu aliyeacha shule siku kijiji kilipochomwa haingii kwa mlango huo, hata kama vidole vyake ni vya dhahabu.

Kuna vituo vya parokia, vya makanisa, vya mashirika. Hapo hakuna anayeulizwa cheti. Wengi wa walimu wake ni akina mama wenye moyo wa pekee, na haitakuwa haki kuwatupia lawama. Ugonjwa wa vituo hivi ni kwamba vinapumua kwa mapafu ya mfadhili. Fedha ikija, benchi zinajaa. Ikiisha, cherehani zinafunikwa turubai. Mafunzo yanapimwa kwa muda wa mkataba badala ya kupimwa kwa kile ambacho mkono umeweza. Miezi mitatu, minne, labda sita. Kisha kuna siku ya kufunga: hotuba, vyeti, cherehani zimepangwa mstari na utepe juu yake, picha inapigwa. Ripoti inaandika idadi ya wasichana waliofundishwa.

Picha haionyeshi Jumatatu inayofuata. Msichana ana cherehani, lakini hana baraza la kuiweka, na chumba chochote kando ya barabara kina kodi. Hana mashine ya kuzungushia kingo, kwa hiyo nguo yake ikifuliwa mara mbili inaanza kuchanika nyuzi. Hana mkasi wa pili, hana pasi ya makaa, hana kitambaa cha kujaribia na kuharibu. Zaidi ya yote hana jina. Hakuna mama wa Bunia atakayempa kikwembe cha harusi mtu ambaye hajamwona akishona hata pindo. Baada ya miezi michache, mtoto akiugua, cherehani inauzwa. Watu wa mradi wakirudi kutathmini, wanasikitika, na wengine hudiriki kusema wasichana hawa hawana nia. Anayeuza cherehani ili kumnunulia mtoto dawa si mtu asiye na nia. Ni mtu aliyeachwa peke yake na chuma.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi ukikumbuka kwamba hata haki yenyewe imepitia njia hii. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto vitani huko Ituri. Katika kesi ya Germain Katanga, kuhusu shambulio la Bogoro la Februari 2003, majaji waliwatambua waathirika 297 Machi 2017, na fidia ya pamoja waliyoamua ilijumuisha msaada wa masomo na wa shughuli za kuingiza kipato. Kwa maneno mengine, majaji wa The Hague walikubali kwamba riziki ni sehemu ya fidia. Basi riziki hiyo ikimwagika njiani kwa sababu hakuna wa kumpokea aliyejifunza, anayepunjwa ni mtu aliyekwisha kupunjwa mara moja.

Tatizo lina mizizi ya zamani kuliko miradi. Wakati wa Wabelgiji, kushona kulifundishwa kwa njia mbili ambazo hazikuwa zikikutana. Wanawake walipelekwa kwenye foyer social. Ile ya Usumbura, Bujumbura ya leo, ilianza mwaka 1946, na humo wake za makarani na wafanyakazi walijifunza kushona, kufuma, kupiga pasi na kuitunza nyumba kwa namna iliyompendeza Mzungu. Kitambaa cha meza kilichodariziwa vizuri kilikuwa alama ya mke aliyestaarabika. Bei ya kitambaa hicho haikuwa somo. Wanaume, wao, walikaa na cherehani kwenye baraza za maduka, wakapima wateja, wakabishana bei, wakalipwa. Ufundi wa foyer ulikuwa wa heshima, ule wa baraza ulikuwa wa fedha.

Tembelea kituo chochote cha mafunzo leo uone kama foyer ile imekufa. Msichana anafundishwa mishono ya mkono, kola, mfuko wa shati, pengine na kudarizi ua kwenye foronya. Ni mara chache anafundishwa kuhesabu: kitambaa kiasi gani, uzi kiasi gani, saa ngapi, kodi ya mwezi, kisha bei. Hafundishwi namna ya kumkatalia mteja anayetaka kulipa nusu leo na nusu akikumbuka. Mambo hayo yanajulikana barazani tu, na barazani hajafika.

Anayetaka kuona ufundi unavyohama kutoka mkono mmoja hadi mwingine aende kwenye atelye ya kawaida, yenye cherehani tatu na kalenda ya mwaka jana ukutani. Mwanafunzi anaanza kwa kufagia na kuwasha makaa ya pasi. Anafumua nguo zilizokosewa, na kwa kufumua anajifunza zilivyoungwa. Anapewa vifungo, halafu pindo. Anakanyaga pedali bila uzi, juu ya karatasi, mpaka mstari unyooke. Siku moja anaachiwa akate, na mikono inatetemeka, kwa sababu kikwembe kilichokatwa vibaya hakirudi. Wakati huo wote anasikia mazungumzo ya fundi na wateja, na hilo ndilo darasa lenyewe la biashara. Wala umeme si sharti: cherehani ya miguu inafanya kazi hata taa za mtaa mzima zikizimika, jambo ambalo Bunia inalijua vizuri.

Atelye nazo si peponi. Familia inatoa fedha ya kuingia, na makubaliano ni ya mdomo. Fundi akiona mwanafunzi ameiva, ana kila sababu ya kumwambia bado, maana mwanafunzi aliyeiva anashona sare za shule bila mshahara. Wengine wanakaa miaka wakifanya kazi ya fundi kamili kwa malipo ya sahani ya sombe. Wasichana hukutana na madai mengine ambayo hayahusu uzi wala sindano, na hawana pa kuyapeleka. Mwisho wanaondoka, wakiwa na ujuzi mikononi na hakuna karatasi inayousema.

Hapa ndipo linapokuja swali la chama cha mafundi. Si chama cha kuvaa kikwembe kimoja kwenye gwaride, wala kamati inayozaliwa asubuhi ya siku ambayo mfadhili anatangaza fedha. Ni muungano wa kazi: mafundi wenyewe wakubaliane mwanafunzi ajue nini kabla ya kuitwa fundi, akae muda gani kwa uchache na kwa wingi, familia ilipe kiasi gani na imlipe nani ikiwa atelye imefungwa, na kuanzia mwezi gani mwanafunzi anayeshona nguo za wateja apate chochote. Mafundi wawili watatu wa atelye nyingine wamjaribu: akate suruali, ashone libaya la kikwembe lenye bitana, aunge zipu. Akifaulu, jina lake liingie kwenye daftari.

Majirani wamekwisha kuanza. Uganda, ambako sehemu kubwa ya nyuzi, sindano na vitambaa vya Bunia hupitia, kwa miaka mingi imekuwa ikimpima fundi aliyejifunzia kazini, hata asiyejua kusoma sana, na kumpa kitabu kidogo kinachoonyesha kazi alizothibitisha kwamba anazimudu. Kenya ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Tanzania, kupitia VETA, inarasimisha ujuzi uliopatikana nje ya shule. Ghana ina chama cha kitaifa cha washonaji ambacho wanafunzi wa mafundi hupitia. Kongo ina taasisi yake ya kuandaa wafanyakazi, INPP, tangu mwaka 1964. Inachohitaji Bunia ni upande wa pili wa meza: mafundi waliojipanga, ambao taasisi kama hiyo inaweza kuzungumza nao.

Kisheria si mlima. Kongo ilijiunga na jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA mwaka 2012, na sheria ya ushirika ya jumuiya hiyo inaruhusu watu watano tu kuunda ushirika wa namna iliyo rahisi. Watu watano! Kuna baraza moja Bunia ambalo lina mafundi zaidi ya hao. Ushirika wa watano unaweza kununua mashine moja ya kuzungushia kingo na kuitumia kwa zamu. Unaweza kuagiza katoni ya uzi pamoja, na katika mji ambao barabara ya taifa namba 27 kuelekea Mahagi imefungwa na mashambulizi ya wanamgambo mara nyingi kiasi hiki, akiba ya uzi si anasa. Unaweza pia kutia saini. Mwaka 2020, barakoa za kitambaa zilipotakiwa nchini kote, fundi mmoja mmoja alishona za kuuza barabarani, lakini kazi kubwa ya maelfu humwendea mwenye uwezo wa kuipokea, na cherehani moja haina uwezo huo. Ndivyo ilivyo kwa sare za shule nzima, mashuka ya hospitali na majoho ya kwaya.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Mafundi wenyewe wataogopa kodi: ukiandika jina lako kwenye daftari, mtu wa patanti naye atalisoma. Hofu hiyo si ya kijinga katika jimbo ambako anayefanya biashara ndogo hutembelewa na wakusanyaji wengi kuliko wateja. Utawala wa jimbo, ambalo liliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi Mei 2021, ungeweza kuipunguza kwa tamko moja la wazi kwamba mwanafunzi wa ufundi na fundi aliyetoka mafunzoni hatoi chochote mwaka wake wa kwanza. Wateja watasema chama kitapandisha bei. Pengine kweli kidogo. Lakini mteja aliyepoteza kikwembe mikononi mwa fundi aliyetoroka nacho anajua kwamba rahisi hiyo nayo ina gharama, na kwa sasa hana mlango wa kubisha.

Hoja ngumu zaidi haisemwi kwa sauti. Ituri ni jimbo ambako jamii nyingi zina chama chao cha kusaidiana, na chama chochote kipya huulizwa mara moja: ni cha nani? Mafundi wakigawanyika, Wahema huku, Walendu kule, Wanande upande wao, Waaluri upande wao, ni afadhali kisianzishwe. Ila ikumbukwe kwamba soko halijawahi kugawanyika hivyo hata siku mbaya. Kitambaa kinachoshonwa na fundi wa jamii moja kimeuzwa na mfanyabiashara wa nyingine na kitavaliwa na bibi harusi wa jamii ya tatu. Chama kinachopokea watu kwa mshono wao, na kinachoweka wajaribu kutoka jamii tofauti kumpima kila mwanafunzi, kingefanya jambo ambalo semina nyingi za maridhiano zimelizungumza tu. Wala wanawake wa Bunia si wageni katika kuungana. SOFEPADI, ambayo Julienne Lusenge na wenzake waliianzisha hapa mwaka 2000, vita vikiwa vimepamba moto, ingali inafanya kazi.

Jambo moja zaidi lisisahauliwe, ingawa linakwenda mbali kidogo na cherehani. Kazi ya nyuzi ni pana. Usiku wa Bunia una baridi, na kofia na sweta za watoto wachanga zinafumwa kwa mkono na akina mama ambao hakuna anayewaita mafundi. Vitambaa vya kroshe vinavyofunika viti vya sebule nyingi mjini vina wanunuzi wa kudumu. Na ndani ya msitu, upande wa Mambasa, kuna ufundi ambao dunia inaujua kuliko Bunia yenyewe: wanaume wa Kimbuti hupiga gome la ndani la mti mpaka lilainike kama nguo, kisha wanawake hulichora kwa maji ya tunda yaliyochanganywa na makaa. Vitambaa hivyo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Uganda, ambayo ina nguo yake ya gome, iliwezesha ufundi wake utambuliwe na UNESCO mwaka 2005. Bunia ni makao makuu ya jimbo lenye msitu huo, lakini ufundi huo haujapata nafasi katika masomo ya kushona ya mji. Chama chenye akili kingemwalika mwanamke wa Kimbuti kama mwalimu, alipwe kama mwalimu, asije kuonyeshwa kama ngoma ya wageni.

Kwa mashirika na wafadhili ombi ni jepesi kuliko wanavyozoea. Badala ya kujenga kituo kipya chenye nembo mpya, fedha ile ile imlipe fundi wa baraza kwa kila mwanafunzi anayempokea, sehemu mwanzoni na sehemu kubwa zaidi siku mwanafunzi anapofaulu mbele ya mafundi wengine. Cherehani itolewe baada ya hapo, mwenyewe akiwa na mahali pa kuiweka na watu wawili wa kumwonyesha akikwama. Ripoti ihesabu wanaoshona bado mwaka wa pili. Idadi itakuwa ndogo na picha zitakuwa chache.

Na kwa mafundi, kabla ya sheria, mhuri na akaunti ya benki, kuna kazi ya siku mbili tatu: kupita baraza kwa baraza, komini zote tatu, na kuandika nani anapokea wanafunzi, anafundisha nini, kwa bei gani, na nafasi ngapi. Orodha hiyo ibandikwe kwenye milango ya parokia, misikiti na ofisi za komini, ipelekwe Kigonze, isomwe redioni kwa lugha zinazosikika jimboni. Ikitoka mwezi Julai, mama yule wa Djugu atakuwa na muda wa kumtembeza binti yake kwa mafundi wawili watatu na kuchagua, kabla sare za Septemba hazijaanza kuwabana wote.